Daftari la Dizeli

Dashibodi ilisema kumi na moja nukta mbili.
Baba aliitazama kama alivyomtazama dalali
anayeapa kwamba kondoo huyu hajawahi kukohoa,
akazima injini, akashuka.
Alijaza tangi mpaka bomba likajikata,
akangoja povu lilale, akabonyeza tena, kidogo, tena,
kisha akaandika kwa penseli iliyofungwa uzi kwenye kiti:
maili 248, galoni 26.4.
Akagawanya kwa mkono, pembeni, midomo ikicheza.
Tisa nukta nne. Kondoo arobaini. Upepo.

Muuzaji kule Elko alikuwa amemwahidi ishirini.
“Ishirini, Bwana Iribarne, na tela nyuma!”
“Labda tukiteremka,” baba akajibu, “na wewe ukisukuma.”
Akainunua hivyo hivyo,
tani moja, magurudumu sita, nyeupe;
kabla Pasaka haijafika
vumbi la Nevada lilishaigeuza rangi ya mkate.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Kwa hiyo nimerithi madaftari kumi na moja,
na ndani yake baba yangu Ximun, mtu wa maneno machache,
anaongea kwa desimali.
“Januari, 7.8. Iliunguruma usiku kucha, dizeli isigande kama samli.”
“Machi, 12.1. Chujio la masizi limejichoma tena njiani. Linakula, halibebi.”
“Julai, 10. Majani makavu, marobota sitini, mlima. Graxi anaendesha.”
Graxi ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita
na mguu mzito.

Nilimtafuta mama humo. Hayumo kwa jina.
Ila kuna Alhamisi.
Kila Alhamisi, Februari hadi Mei: Reno, kwenda na kurudi,
bila tela, bila mzigo,
na namba zinapanda kama mtu anayepanda ngazi gizani,
17.9, 18.6, halafu
maili 331, galoni 17.1.
19.4. Ameipigia mstari.
Nikakaa na ukurasa ule jikoni, kahawa ikapoa,
nikiwaza upepo wa tairi, nikiwaza joto la barabara,
mpaka nikaikumbuka mito mitatu kwenye kiti cha abiria,
na malori yakitupigia honi,
na baba, mikono miwili kwenye usukani,
maili hamsini kwa saa, hamsini tu,
akikwepa kila shimo kama mtu aliyebeba bakuli la supu,
kwa sababu kila mtikisiko ulimfika mama mifupani.

Muuzaji alikaribia kusema kweli.
Hakutaja tu unavyotakiwa kuendesha.

Ukurasa unaofuata una safari moja.
Reno hadi nyumbani, maili 166, galoni 14.2.
11.7.
Bila tela. Bila mzigo.
Kando ameandika neno moja: “Upepo.”

Upepo wa kwetu hutoka magharibi, baba.
Anayerudi nyumbani humsukuma mgongoni.
Na siku ile haukuwapo; nilikuwa uani,
shuka zimening'inia kambani wima,
hata soksi haikutikisika.
Nilisikia injini kabla ya kuona vumbi.
Ikasimama. Kwenye kiti cha pili, mito mitatu.

Mtu aliyeisahihisha dashibodi miaka ishirini na miwili
alidanganya mara moja, kwa penseli,
na raha ya penseli ni kwamba inafutika,
na hakufuta.

Leo nimejaza pale Lovelock, kondoo thelathini nyuma,
mvulana wa kituo akinishangaa ninavyolisubiri povu.
Dashibodi inasema kumi na mbili na nusu.
Nimegawanya mara mbili, kwa mkono, midomo ikicheza.
Kumi nukta moja.
Nimenusa hewa. Shwari.
Nikaandika: “Mguu.”